Sawa, mwalimu

Tangu Jumatano sijakaa sawa. Yule mama wa Machame mnamjua, aliyemnunulia mjukuu wake farasi mwekundu akamweka hapa kwenye banda letu la farasi, Usa River. Toka siku ya kwanza ananiita "baba". "Marahaba baba, mtoto wetu ameamkaje?" Mtoto wetu ana kilo 450.

Jumatano kaja na ndoo ya pumba. Nilikuwa nimeinama nasafisha kwato za mwingine. Kugeuka, mwekundu kazamisha pua mpaka karibu na macho, nusu ndoo imeshakwenda. Nikakimbia, nikaivuta ndoo, mdomo ukanitangulia: "Mama, farasi siyo ng'ombe! Hilo hata mtoto anajua."

Mbele ya mjukuu. Mbele ya vijana wa banda, na mmoja akacheka.

Akaniangalia. Akafuta ukingo wa ndoo kwa pindo la kanga, taratibu, kana kwamba aliyekosewa heshima ni ndoo. "Sawa, mwalimu."

Mwalimu. Siyo baba. Neno hilo nimeligeuza kwenye daladala, nimeligeuza bafuni, leo hata kanisani wakati wa matangazo. Alikuwa ananiheshimu au ananirudishia? Mtu aliyefuga ng'ombe wa ndani maisha yake yote, kichwani mzigo wa majani kila alfajiri, akiona mnyama anamtazama atafanyaje? Ng'ombe akishiba atalala acheue. Farasi hacheui, wala kutapika hawezi. Na mwili wote ule, tumbo lake ni la lita 8 hadi 15 tu. Ndiyo maana analishwa kidogo kidogo. Hayo yangenichukua dakika mbili kumweleza. (Mimi mwenyewe mwezi wangu wa kwanza nilifunga tandiko nyuma mbele, na saisi mzee, mtunza farasi wa banda, akaligeuza bila kusema neno.)

Nikabaki na mwekundu mpaka usiku, sikio ubavuni. Ndani kulinguruma, na kunguruma ni heri. Tumbo likinyamaza ndiyo uogope. Saa tatu akadondosha mavi yanayofuka moshi, nikamshukuru Mungu kwa mavi. Nikamwandikia mama: "Anaendelea vizuri." Akajibu: "Asante." Basi.

Ijumaa jike la kijivu limezaa baada ya miezi 11, wote wazima, na sendofu ya mdogo wangu imepita, madeni yamebaki.

Jana nafika, mama kanitangulia. Kasimama mbali na banda, mkononi mfuko wa karoti za soko la Tengeru, umefungwa fundo. Karoti kazikata kwa urefu, vidole vidole. Za mviringo zinaweza kumkaba farasi. Nilimwambia mara moja tu, zamani, nikadhani hakusikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwalimu, nimpe ngapi?"

Nikasema mbili, nikasema nne, halafu nikasema mama, naomba unisamehe kwa ya Jumatano.

"Kwani Jumatano kulikuwa na nini?" Akamgeukia farasi. Mjukuu akaangua kicheko, na mimi nikashindwa kujizuia. Karoti ya nne bibi akaila mwenyewe, kavu kavu, huku ananitazama.

Sasa ni saa sita usiku na mvua imeanza. Bati la jikoni kwa mama yangu mzazi, Moshi, bado halijagongelewa. Fundi alichukua elfu 40 wiki iliyopita, na simu yake tangu juzi inaita tu.