Siku moja kwenye kiti cha mtoa dawa ya usingizi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nakagua mashine: oksijeni, mirija, mtungi wa akiba. Hadi saa nne nimeshawalaza na kuwaamsha wawili, salama.

Saa tano analetwa kijana wa kuunganishwa mfupa wa mguu. Faili linasema ugonjwa wa Wilson, alioueleza daktari Kinnier Wilson mwaka 1912. Ni wa kurithi kwa wazazi wote wawili: ini linashindwa kutoa shaba iliyozidi, inajaa humo humo, kisha inahamia kwenye ubongo. Mikono inamtetemeka, maneno yanamtoka kwa kukokota.

"Daktari, mtaani wanamwita mlevi," mama yake ananiambia. "Pombe hajawahi kuionja."

"Najua, mama."

Majibu ya kuganda kwa damu hayajatoka. Daktari wa upasuaji keshanawa: "Mchome mgongo tuanze." Anataka sindano ya ganzi ya mgongoni. Nakataa. Ini bovu halitengenezi vigandishi vya kutosha. Damu ikivujia karibu na uti wa mgongo, miguu inaweza kupooza. Napiga simu maabara: mashine imegoma. Napiga tena: sampuli haionekani. Napiga tena: aliyeipokea kaenda kula. Daktari anarudi, anaangalia saa ya ukutani, anaondoka, anarudi. "Kazi yako si kulaza tu?" Miguu inaniuma, sijala, na kijana ananiangalia mimi. "Bado, daktari." Saa nane ndiyo jibu linafika: chembe sahani, zile za kugandisha damu, 68,000, wakati kawaida huanzia 150,000. Mgongo hapana. Nusu kaputi.

Kwenye trei kuna metoklopramidi, dawa yetu ya kila siku ya kuzuia kutapika. Naiondoa. Inaziba dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza misuli, na ubongo ulioumizwa na shaba utazidi kutetemeka na kukakamaa. Naweka ondansetroni, ya kuzuia kutapika bila kuziba dopamini. Ya kulegeza misuli ni atrakuriamu, inayovunjika yenyewe kwenye damu bila kulitegemea ini. Naitoa kidogo kidogo, maana penisilamini anayomeza kuondoa shaba huweza kudhoofisha misuli. Macho hayatoki kwenye presha. Ikishuka, ini linakosa damu.

Jua limeshapinda anapofumbua macho. Siutoi mpira wa kupumulia mpaka ainue kichwa na kukishikilia. Anakishikilia.

Wodini naandika kwa wino mwekundu juu ya faili: metoklopramidi asipewe, haloperidoli, dawa ya kutuliza ambayo nayo inaziba dopamini, asipewe hata akihangaika usiku. Namwomba nesi wa zamu aisome mbele yangu kabla sijaondoka.