Bei Naiandika Wazi
Viungo vyangu vya pilau navisagia Ilala. Mwaka mzima ukurasa wangu wa Instagram ulijaa picha za pakiti tu, chini yake "bei njoo inbox". Watu walipita. Siku moja nikamrekodi mama akikaanga binzari nyembamba, mwiko ukigonga ukingo wa kikaango, moshi unapanda, naye anasema, "Ikianza kupasuka epua, usingoje iwe nyeusi." Sauti sikuigusa. Maswali yakaanza kumiminika: mdalasini kiasi gani kwa kilo ya mchele? Iliki nzima au ya kusaga? Yote nikayajibu, mengine nikayatengenezea video.

Siku hizi bei naiandika wazi, gramu 100 shilingi 3,000, na nauli ya bodaboda mpaka Mbagala naitaja. Kumficha mteja bei ni kumchosha, jamani.

Status ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo maelezo ya kudumu nimeyaweka kwenye tovuti yangu ya .co.tz. Namba za wateja ninazo pia kwenye daftari, maana akaunti ya kwanza iliibwa, wafuasi wote wakaenda nayo.

Jana mteja wa Kigamboni kaniulizia hali ya mama kwanza, ndipo akaagiza.