Usiku wa Mkanda na Kusi

Kusi hakutaka kupanda hori, chombo kidogo cha kupiga kafi. Alisimama kwenye mchanga chini ya shamba la babu, upande wa bara, karibu na Mokowe, akakaza miguu yote minne. Kamba ya makumbi ikanyooka baina yetu. Nilikuwa na miaka 19 na sikuwa nimewahi kumgusa mbwa kwa mkono wangu.

Sisi ni watu wa mji wa Lamu, na mjini kwetu mnyama wa mlangoni ni paka, wa njiani ni punda. Mbwa ana mahali pake, na mahali pake ni shamba. Dini imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa kulinda mazao, na babu alikuwa na simsim na mahindi yaliyokuwa yakiliwa na nyani mchana na nguruwe-mwitu usiku. Kusi alikuja mwenyewe wakati wa upepo wa kusi, mtoto mwembamba mwenye sikio moja lililochanika, na jina akapewa na upepo huo. Babu alimwekea kifuu chake cha kulia na cha kunywea, na alizungumza naye kila jioni, mmoja amekaa kitandani chini ya mwembe, mwengine hatua tano mbali. Umbali ule wote wawili waliuheshimu.

Babu alifariki katika Rajabu. Ilipofika Shawali, Machi 1994, shamba lilikuwa limeuzwa, na aliyelinunua hakutaka mbwa. Kusi alikuwa bado analala chini ya mwembe, hatua tano kutoka mahali kilipokuwa kitanda. Ami yangu alikuwa na mbuzi wake Manda, upande wa kaskazini wa kisiwa. Aliposikia alisema maneno mawili tu: "Mlete huku." Wenye mashua za mashine walinikatalia, na siwalaumu. Nikachukua hori ya babu.

Nilimwinua. Nilifunga kanga kuukuu mikononi, nikamshika tumbo, nikamweka omoni, mbele ya hori. Alikuwa anatetemeka, na kutetemeka kule kulipita kwenye kanga mpaka viwikoni mwangu.

Mkanda, kwa asiyeujua, ni mlango mwembamba wa maji baina ya Manda na bara, umezibwa na mikoko kila upande. Wakati ule maji yakipwa ulikuwa mfereji wa matope. Babu alikata boriti humo, nguzo za mikoko, kwa miaka mingi, enzi ambazo majahazi yalipakia kwa korija, miti 20 kila korija, kupeleka Arabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Alikuwa akisema, "Mkanda huingiwa kwa hisabu." Hisabu yenyewe niliijua. Siku ile ilikuwa ya kumi na tano ya mwezi, bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Siku za bamvua kwetu maji hujaa kiasi cha saa kumi jioni, yakapwa hadi saa nne au tano usiku, yakarudi alfajiri. Nilitoka saa nane mchana maji yakipanda, nikiwa na mkate wa mofa, tende na galoni ya maji. Kaskazi ilikuwa imekwisha, kusi hakijaanza, bahari imelala. Nilipiga kafi bila haraka.

Kosa nililifanya mwenyewe. Kulikuwa na kijito upande wa Manda ambacho babu alikuwa akikatiza kwacho wakati wa boriti. Nilipita nacho mara mbili utotoni, nimekaa ngamani nikifua maji yaliyoingia chomboni kwa kopo. Nilipokiona, au nilipodhani nimekiona, moyo ulinipanda. Nilitaka kupita njia ya babu katika hori ya babu. Nikageuza.

Alinifundisha kusoma miti. Mlilana husimama mbele, unakabili maji makubwa, na mafundi huukata kwa mataruma, mbavu za vyombo. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa. Ukiona mkandaa, vijiti vyembamba vya fito na pau, umekwisha kuingia ndani, kwenye ardhi ambayo maji huitembelea kidogo na kuiaga mapema. Nilikuwa nimepita mikandaa kwa muda mrefu kabla ya kuiona. Nilikuwa nikimtazama Kusi, ambaye alikuwa ameacha kutetemeka na ameweka kidevu ukingoni, pua inafanya kazi.

Hori ikagusa chini jua likizama. Nilisukuma kwa kafi, haikwenda. Nikashuka niisukume kwa bega, na tope likanimeza mpaka mapajani kwa pumzi moja. Kila nilipovuta mguu mmoja, wa pili ulizama zaidi. Nilishika ukingo wa hori, nikalaza kifua juu yake, nikasoma nilichoweza kusoma. Kusi alikuja kutoka omoni mpaka tezini, nyuma, akasimama mbele ya uso wangu. Hakubweka. Alinitazama kwa karibu kuliko alivyowahi kumtazama babu. Nadhani kule kutazamwa ndiko kulikonituliza nikaacha kupapatika, nikajivuta polepole, goti kwanza, mpaka nikaangukia ndani.

Maji yalikwenda zake. Mwezi ulipanda mkubwa, na chini ya miti pakawa na mabaka ya mwanga na giza, na matope yakaanza kutoa sauti zake, kaa wakitembea, vipovu vikipasuka. Usubi ulitushambulia kwanza, kisha mbu. Nilikula mofa nusu, nusu nikampa. Maji nilimmiminia kwenye kopo la kufulia. Alikunywa, kisha akaangalia kama nitakunywa na mimi.

Watu hawaamini nikiwaambia kwamba Lamu kuna baridi. Lakini nguo zangu zilikuwa tope tupu hadi kiunoni, na kiasi cha saa tano usiku meno yalikuwa yakigongana. Kusi alisogea. Nikamsukuma kwa mguu. Akasubiri, akasogea tena, nikamsukuma tena, kwa upole zaidi, na nakumbuka nilimwambia kwa sauti, "La, Kusi, rudi pako." Akarudi. Aliketi omoni ameniangalia, na baina yetu palikuwa na kama hatua mbili, maana hori haikuwa na nafasi ya hatua tano.

Nikamwita mimi.

Alikuja akajikunja ubavuni mwangu, na joto lake lilikuwa kama joto la jiko lililofunikwa majivu. Nililala na mkono wangu shingoni mwake. Nilijua sheria, najua hata leo, na sikuona kwamba ninaivunja. Kugusa najisi si dhambi, mradi ujitwaharishe kabla ya kusali. Lakini nilijua pia kwamba babu, aliyempenda miaka yote ile, hakuwahi kuwa karibu naye hivi, na nililia kwa ajili ya babu usiku ule, mara ya kwanza tangu maziko. Kifo kilipotokea nilikuwa nimeshughulika na sanda, watu na chai.

Yeye ndiye aliyesikia maji. Alinyanyua kichwa, akasimama, masikio mbele. Mimi sikusikia kitu mpaka baada ya kitambo, mchirizi mwembamba kwenye mizizi. Umande ulikuwa umeanza, ule upepo wa nchi kavu wa kabla ya alfajiri, unatoka bara na harufu ya majani na moshi. Kusi aligeukia kule unakotoka akaanza kulia chini chini. Ilikuwa harufu ya shamba lake. Nilimwachia alie.

Hori ilipoelea sikupiga kafi ovyo. Nilifuata kule maji yalikotoka, nikiyakabili, mikandaa ikawa mikoko, mikoko ikawa mirefu, na kulipopambazuka nikaona mlilana mmoja ulioinamia maji mapana. Nilikuwa kiasi cha kelele mbili kutoka mahali nilipogeukia jana.

Ami alikuwa amekesha ufukweni usiku kucha na taa ya chemli. "Ulele wapi, mwanangu?" Nikamwonyesha Mkanda kwa kidevu, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa. Kusi alikataa kushuka kama alivyokataa kupanda, na safari hii sikutafuta kanga. Nilimbeba kifuani, mbele ya ami, nikavuka naye maji mpaka mchangani.

Ami alimtazama, akanitazama mimi, tope na manyoya mpaka shingoni. Hakusema kitu. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na ndoo mbili, moja ya maji, moja ya udongo safi, na kifuu kipya. Kifuu alikijaza akakiweka chini, hatua tano mbali. "Njoo," akaniita, "tuanze na la udongo." Akanimiminia yeye mwenyewe, akihesabu kwa sauti mpaka saba, na Kusi alikuwa anakunywa.