Tabaka jeupe lililokataa kuwa jeupe

Wiki mbili nzima nilikuwa nikitenganisha limfosaiti (aina ya seli nyeupe) za damu kwa Ficoll, kimiminika kizito ambacho seli nyekundu huzama chini yake zikizungushwa kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji, na kila mara tabaka jeupe la katikati lilitoka limechanganyika na seli nyekundu. Nikalaumu damu kukaa muda mrefu. Nikalaumu Ficoll ya kwenye friji (ikiwa baridi kweli huharibu kazi, iache kwanza ifikie joto la chumba). Wekundu ukabaki palepale.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye karatasi ya maelekezo niliyorithi: "mizunguko 1,500, dakika 30." Ya mashine ipi? Rota (sehemu ya mashine inayozunguka na mirija) ya zamani ilikuwa na nusukipenyo cha sentimita 16; hii yetu mpya, 9. Ukipiga hesabu, 0.00001118 × nusukipenyo × mizunguko kwa dakika kipeo cha pili, ile ya zamani ilitoa nguvu ya g 400 hivi, yaani mara 400 ya mvutano wa dunia. Yangu iliambulia 226, basi seli nyekundu hazikuzama zote.

Nikapandisha hadi mizunguko 2,000, nikazima breki ili rota isimame yenyewe bila kuvuruga matabaka. Pete nyeupe ikakaa juu ya Ficoll, nikaivuta kwa pipeti taratibu. Kwenye karatasi ile nimekata 1,500, nikaandika g 400.