Mwezi wa Kungoja Mvua

Mwaka ule tulipanda uwele ardhi ikiwa bado kavu. Kule Chamwino, mkoani Dodoma, wengi hufanya hivyo: mbegu inatangulia, mvua inaikuta ardhini. Msimu ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na anayengoja udongo ulowe kwanza anaweza kuchelewa. Shule ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa kwa bibi mzaa mama.

Kila asubuhi nilitoka nje ya tembe, nikatazama mbingu, nikamuuliza, “Bibi, leo?”

“Itakuja, mjukuu wangu. Nipe huo ungo.”

Akaendelea kuchambua mbegu za akiba, za kurudishia endapo za kwanza zingeota kisha zikaungua na jua. Kwangu mwezi ule haukuwa na mwisho. Yeye alilalamika kwamba siku zinakimbia, Krismasi hiyo imefika, na shamba la karanga halijaguswa.

Siku zile zile, ua ule ule. Jambo hili limenikaa moyoni tangu hapo. Mwanafalsafa Mfaransa Paul Janet alieleza mwaka 1877 kwamba kipindi tunakihisi kirefu au kifupi kulingana na umri tuliokwisha kuishi: kwa mtoto wa miaka 10, mwaka ni sehemu ya kumi ya maisha yake, kwa mtu wa miaka 60, ni sehemu ya sitini. Hesabu nzuri, ila hainitoshi. Augustino, askofu na mwanafalsafa wa kale, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, alisema wakati tunaupima ndani ya nafsi, kwa kukumbuka, kuzingatia na kutarajia. Hapo namwona bibi. Mimi nilikuwa na kutarajia tu. Yeye alikuwa na misimu chungu nzima ya kuulinganisha huu, na ukame aliujua unavyoanza.

Halafu ikaja jioni yenyewe. Upepo kwanza, vumbi likafagia ua, kuku wakakimbilia ndani isipokuwa jogoo mmoja. Harufu ya udongo uliolowa ikatufikia kutoka mbali kabla hatujaona tone. Bibi alisimama, ungo mkononi, kimya. Zilikuwa dakika chache mno, lakini naweza kuzisimulia moja baada ya nyingine, ilhali mwezi mzima wa kungoja umebaki kwangu kama asubuhi moja na swali moja.

Kwa hesabu ya Janet, dakika hizo zilipaswa kuwa fupi zaidi kwa bibi. Miaka baadaye nilimsikia akiwasimulia wageni habari za jioni ile. Alichukua muda mrefu kuliko mvua ilivyochukua kufika, na hata yule jogoo hakumsahau.