Maharagwe mabichi ya oveni na bekoni

Tangu nipunguze wanga, shida yangu haikuwa nyama, ilikuwa kitu cha kuisindikiza. Leo nimekipata! Maharagwe mabichi nimeyachemsha dakika 3 tu, nikayatia kwenye maji baridi yabaki kijani, kisha nikayakausha vizuri kwa kitambaa (hapo msiwe na haraka, maji yakibaki mtakula mchuzi). Bekoni niliikaanga kwanza, na mafuta yake ndiyo yaliyokaangia kitunguu saumu. Nikaongeza krimu na pilipili manga, jibini juu, oveni nyuzi 200 hadi ikapiga rangi. Chumvi sikutia hata chembe, bekoni na jibini zinatosha kabisa. Gramu 100 za maharagwe mabichi yenyewe zina wanga gramu 7 hivi, na zaidi ya theluthi yake ni nyuzinyuzi. Kuku alibaki, maharagwe yakaisha 😂