Ukaguzi wa nyumba ninapolea watoto: nilivyojiandaa na walichokitazama

Ninalea watoto wa wenzangu nyumbani kwangu, katika komini (sehemu ya mji) iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC). Mama zao wengi ni wachuuzi. Wapo wanaouza unga na mboga palepale soko la Kenya, wapo wanaokwenda mjini soko la Mzee Kabila, na wapo wanaofuata bidhaa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako mtu akiondoka alfajiri hajui atarudi saa ngapi. Watoto hufikishwa kwangu kungali giza, wengine wamelala mgongoni, na mama anaondoka mbiombio kuwahi gari. Hana nafasi ya kuichunguza nyumba yangu. Ananiamini tu. Ndiyo maana niliposikia kwamba serikali inakuja kukagua, sikukasirika kama majirani walivyotarajia. Lazima awepo mtu wa kuangalia kwa niaba ya yule mama.

Habari ilipitia kwa shefu wa mtaa: watu wa ofisi ya mambo ya jamii ya mkoa, pamoja na mtu wa afya na usafi, watapita katika nyumba zinazopokea watoto wadogo. Tulitajiwa wiki, siku yenyewe hatukuambiwa. Ushauri ukamiminika. Paka ukuta rangi. Azima viti vya plastiki. Siku hiyo warudishe nusu ya watoto ili nyumba ionekane pana. Na karibu kila mtu aliniambia niandae bahasha.

Bahasha sikuandaa. Ada ya serikali huja na karatasi ya madai, unakwenda kulipa benki, unarudi na risiti yako. Hakuna ada halali inayopokelewa mkononi barazani. Tena huko nyuma walikwisha kufika vijana waliojiita wakaguzi, hawana karatasi yoyote ya kutumwa kazi. Niliwapa viti chini ya mwembe, nikawapa maji ya kunywa, nikawaomba waniletee karatasi yenye muhuri, tarehe na majina yao. Hawakuonekana tena. Mwenzangu unayelea watoto, iulize karatasi hiyo kwa upole na usione haya. Mkaguzi wa kweli haoni ubaya kuulizwa.

Na kuhusu kuwarudisha watoto, hilo nililikataa kabisa. Mtoto wa miaka mitatu hafundishiki kuigiza. Mvalishe viatu ambavyo hajazoea kuvivaa humu ndani, atavivua mbele ya mgeni. Niliamua watukute tulivyo, nguvu zangu nikazielekeza kwenye moto, maji na daftari.

Moto ulitangulia kwa sababu ilikuwa Juni, na anayeijua Lubumbashi anaijua baridi ya Juni. Asubuhi pumzi inatoka kama moshi, watoto wanafika mikono imekakamaa. Katika nyumba nyingi desturi ni kuingiza ndani mbabula, yaani jiko la makala (makaa), makala yakiwa mekundu, na kufunga mlango ili joto lisitoke. Ni hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Makala yanayowaka mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki. Mtu mzima huumwa kichwa na kusikia kizunguzungu, pengine akatoka nje. Mtoto aliyelala hana la kumwamsha. Kwangu mbabula haivuki kizingiti. Inakaa nje chini ya bati, juu ya meza ya chuma ambayo fundi aliichomelea ifike kiunoni mwangu, na mbele yake kuna kageti kenye komeo upande wa juu. Joto tunalitafuta kwingine: soksi, sweta mbili mbili, blanketi, uji wa moto mara wanapofika, na jua likishachomoza vizuri, kama saa mbili na nusu, mikeka yote inahamia barazani.

Maji nayo yana mambo yake. Bomba la Regideso, kampuni ya maji ya serikali, linaweza kukauka siku nzima, kwa hiyo lupango wetu, yaani kiwanja cha nyumba, una kisima. Kina kifuniko cha chuma na kufuli, na ufunguo nauvaa shingoni. Lakini ndoo na mapipa ya kufulia ndiyo yaliyokuwa yananinyima usingizi zaidi ya kisima, maana mtoto anayejifunza kutembea anaweza kutumbukia kichwa ndani ya ndoo ya maji kidogo tu na asiweze kujiinua. Sasa ndoo ikimaliza kazi inamwagwa na kugeuzwa, na mapipa yote yana vifuniko vya kukaza. Maji ya kunywa nayachemsha, na makala yakipanda bei natia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha nayaweka katika bido (dumu) yenye koki, ili mkono wa mtu usiingie ndani.

Halafu kuna vumbi. Huu ni mji wa shaba. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, watoto wakiwemo, wakakuta kobalti na madini mengine kwa viwango vya juu sana. Mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni, na vumbi linaingia. Siwezi kuhamisha kiwanda. Ninachoweza ni kutofagia sakafu kavu. Napangusa kwa kitambaa chenye maji asubuhi na mchana, na hakuna anayegusa bugali kabla ya kunawa kwa sabuni.

Daftari ndilo lililonichukua muda mrefu. Kila mtoto ana kurasa zake: majina ya wazazi, namba za simu za watu wawili, anachokula na kisichomkubali, nakala ya karatasi ya chanjo, na majina ya watu wanaoruhusiwa kuja kumchukua. Kwenye chanjo naangalia hasa ile ya surua ya miezi tisa, maana mama wengi huhangaika na sindano za mwanzo kisha kazi za soko zinawameza. Dawa simpi mtoto mpaka mzazi ameandika jina la dawa, kipimo na saa, na kutia saini. Ukurasa wa watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto ndio ulioleta manung'uniko mengi kwa wazazi. Shangazi, mjomba, baba mdogo, jirani: kwetu mtoto ni wa wote, na kumwandikia mama orodha ni kama kumwambia ndugu zake hawaaminiki. Nilishikilia.

Walikuja wawili, Madamu wa mambo ya jamii na Papa wa usafi. Walionyesha karatasi zao kabla sijauliza. Papa alikwenda moja kwa moja chooni, kisimani, jikoni. Akavuta kufuli, akainua vifuniko, akanusa maji. Madamu alivua viatu, akaketi mkekani katikati ya watoto, na kwa muda mrefu hakusema lolote.

Kisha akaanza kuuliza, na maswali yake hayakuhusu nyumba. Yule aliyelala, alikula saa ngapi? Huyu akilia, mnamtuliza namna gani? Kwa nini yule wa kona hachezi? Nilimjibu bila kufungua daftari. Yule wa kona baba yake amekwenda kutafuta kazi Kolwezi, na tangu hapo anahitaji akae kwanza na kuangalia wenzake. Nikimsukuma analia, nikimwacha anakuja mwenyewe baada ya uji. Madamu akangoja. Uji ukaisha, mtoto akasimama, akachukua kijiko chake cha mbao, akaenda kuchimba mchanga pamoja na wengine. Madamu akaandika.

Kuna mmoja anayeuma wenzake, na siku ile hakuuficha ukali wake. Alimng'ata mwenzake begani mbele ya wageni wote. Madamu akanitazama: "Hapo mnafanya nini, Mama? Mnamchapa?" Nikamwambia hapana, na wazazi wanajua tangu siku ya kwanza kwamba hapa hatuchapi. Kwanza nilimbeba aliyeumwa, nikaosha bega lake. Kisha nikapiga magoti mbele ya mwenye meno, nikamwambia kwa maneno machache kwamba inauma, nikampa kitambaa safi kilicholowa maji baridi akitafune. Magego yalikuwa yanamtoka, fizi zimevimba. Nilifungua mdomo wake taratibu Madamu aone. Aliona.

Jambo kubwa lilifika bila kupangwa. Karibu na saa sita aliingia mzee mmoja, kavaa koti zuri, akasalimia vizuri, akasema amekuja kumchukua mtoto wa mdogo wake. Alitaja jina la mtoto na la mama yake. Mtoto mwenyewe alimtazama kama anavyotazama mtu yeyote. Nikafungua daftari: jina lake halimo.

"Papa, karibuni, kaeni kwanza," nikamwambia. "Mtoto hatoki mpaka mama yake aniambie."

"Mtoto wa ndugu yangu mnanikatalia? Mbele ya watu? Mnaniona mwizi?"

"Hapana, Papa. Ninyi ni mkubwa wetu. Hata angekuja baba yangu mzazi na jina lake halimo, ningemkalisha hivihivi."

Nilimpa kiti cha kivulini, nikampa maji na mkate, nikampigia mama. Sokoni makelele ni mengi, simu haikupokelewa. Nikapiga namba ya pili, ya dada yake. Wakati wote huo mzee alikuwa anazungumza kwa hasira, nami mikono ilikuwa inatetemeka, maana kumkatalia mzee barazani kwako ni kitu kizito na sikulelewa hivyo. Wakaguzi hawakunisaidia hata kwa neno moja. Hatimaye mama akapiga mwenyewe: ndiyo, ni kaka yake mume wangu, amefika kutoka Likasi, mwambie akae na mtoto hapohapo, mimi natoka sokoni sasa. Mzee akakaa. Mtoto akamsogelea kidogo kidogo, na mama alipofika aliwakuta wakila embe bandia la kitambaa. Mzee alinishika mkono wakati wa kuondoka, ila hakutabasamu, na simlaumu.

Ripoti yao waliniomba niisome yote kabla ya kutia saini, na ninashauri mtu asitie saini asichokisoma. Waliandika mazuri kuhusu maji, jiko na daftari. Vifaa vya kuchezea tulibishana kidogo: fomu yao ilitaja vya dukani, nami nikaonyesha vijiko vya mbao, wanasesere wa kitambaa na vibao vilivyopigwa msasa, vyote vikubwa kuliko koo la mtoto. Papa wa usafi alijaribu kimoja kimoja kwa kidole gumba chake, akakubali.

Marekebisho yalikuwa mawili. Chumba cha kulala kina mlango mmoja na dirisha lenye nondo zilizojengewa ukutani. Nondo ni kwa sababu ya wezi, kila nyumba hapa inazo. Lakini moto ukizuia mlango, dirisha lile ni ukuta. Madamu hakuniambia nizing'oe. Aliniuliza ningewatoaje watoto waliolala. Fundi yuleyule wa meza ya mbabula alizikata, akazitia bawaba na komeo la ndani, ufunguo unaning'inia pembeni juu, mahali ambapo mkono wangu unafika gizani na wa mtoto haufiki. Ilinigharimu, na ningelipa tena. Tangu hapo tunafanya mazoezi ya kutoka dirishani. Watoto wanayapenda kuliko mchezo mwingine wowote.

La pili lilikuwa gumu zaidi moyoni: wanaonyonya walikuwa wengi kwa mikono yangu na ya binti anayenisaidia. Moto ukizuka wakiwa wamelala, kila mmoja wetu anabeba wangapi? Hesabu hiyo haina maneno ya kuizunguka. Nilizungumza na mama wawili, na watoto wao sasa wanalelewa na jirani wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye subira ambaye naye amekwenda kujiandikisha. Nimempa daftari tupu na kumchorea kurasa zake.

Imebaki kazi ya vyeti vya kuzaliwa. Madamu aligundua kwamba baadhi ya watoto wangu hawana. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inawapa wazazi siku 90 kumwandikisha mtoto, bila malipo. Siku hizo zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama. Mama mmoja mmoja akienda peke yake anapoteza siku ya soko na kukata tamaa njiani, kwa hiyo wamekubaliana kwenda pamoja Jumatatu ijayo, na mwenye kujua kusoma Kifaransa vizuri atawajazia fomu. Watoto wao nitakaa nao mpaka watakaporudi, hata ikiwa usiku.